Tom Mboya wa Rusinga na Hesabu ya Watu wa Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni viongozi wachache katika historia ya Kenya walioielewa methali hii kwa tarakimu kama alivyoielewa Thomas Joseph Odhiambo Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Wakenya wengi humkumbuka Mboya kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mwanasiasa mwenye ufasaha usio kifani, mtu aliyewatafutia vijana nafasi za masomo Marekani, na hatimaye kama kiongozi aliyeuawa kwa risasi mchana kweupe jijini Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo wakati Kenya ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mwaka 1967, na kwamba kwa hatua hiyo Kenya hutajwa mara nyingi kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kulifanya suala la uzazi kuwa jambo la sera ya taifa.

Makala haya yanaangazia maisha ya Mboya kwa kufuata uzi huo mmoja: uhusiano wa idadi ya watu na karo, ajira, makao na afya. Aidha, yanaeleza yaliyotokea baada ya kifo chake, hasa katika eneo lake la kusini mwa Nyanza, yaani Homa Bay na Migori za leo. Lengo ni kuonyesha kwamba suala la kupanda na kushuka kwa uzazi, ambalo umma umelielewa kwa namna nyingi zinazokinzana, lilipitia katika maisha ya mtu mmoja tangu alipokuwa mwanafunzi aliyekosa karo hadi alipokuwa waziri.

Kuzaliwa na Malezi

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi babake, Leonardus Ndiege. Mamake aliitwa Marcella Onyango. Wazazi wote wawili walitoka Rusinga, kisiwa kilichoko katika Ziwa Viktoria, mkabala na Mbita. Katika miaka hiyo kisiwa kilifikiwa kwa chombo cha majini pekee. Njia ya kukiunganisha na bara ilijengwa katika miaka ya 1980, muda mrefu baada ya kifo cha Mboya.

Watu wa Rusinga ni Wasuba, jamii yenye asili ya Kibantu ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa ikiiacha lugha yake na kuzungumza Dholuo. Jambo hili lina maana kwa mwanafunzi wa lugha na kwa mwanafunzi wa idadi ya watu vilevile. Jamii inaweza kuongezeka kwa idadi ya vichwa huku ikipungua kwa idadi ya ndimi. Sensa huhesabu watu. Haionyeshi kila mara kilichobadilika ndani yao.

Kilima Mbogo palikuwa na vibarua wa makabila mbalimbali waliohama makwao kutafuta mshahara. Mtoto Mboya alikulia katikati ya mchanganyiko huo, akajifunza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Dholuo ya nyumbani. Wasifu wake wa baadaye wa kuzungumza na umati wa Nairobi bila mkalimani ulianzia hapo. Hali kadhalika, hapo ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza familia ya Kiafrika ikiishi kwa mshahara badala ya shamba. Katika shamba la ukoo, mtoto ni mkono wa kazi. Katika kambi ya mkonge, mtoto ni kinywa cha kulishwa na, punde si punde, mwanafunzi wa kulipiwa karo.

Karo Inapokatiza Masomo

Ndiege alikuwa Mkatoliki, naye akawasomesha wanawe katika shule za misheni. Mboya alisoma Kabaa katika nchi ya Ukambani, kisha akaenda shule ya St. Mary's huko Yala mwaka 1942, na mwaka 1946 akajiunga na shule ya Holy Ghost huko Mang'u. Alifaulu mtihani wa shule ya sekondari wa Waafrika, na njia ya kuendelea na masomo ya juu ikawa wazi mbele yake.

Hata hivyo, njia hiyo ilizibwa na kitu kimoja tu: karo. Mshahara wa babake haukutosha kumlipia miaka iliyosalia, kwa kuwa wadogo zake nao walikuwa wamefikia umri wa kuingia shule. Iwapo yeye angeendelea, wao wangebaki nyumbani. Mboya alikubali kuacha na kutafuta mafunzo ambayo hayangemgharimu mzazi wake chochote.

Tukio hili ni dogo katika vitabu vya historia ya siasa, lakini ni kubwa katika mada ya makala haya. Katika jamii za Nyanza na kwingineko, ilizoeleka kuaminiwa kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Imani hiyo ilikuwa na mantiki yake pale ambapo ardhi ilikuwa tele na watoto wengi walikufa kabla ya kukua. Ilipoanza kudaiwa karo kwa kila mtoto, tena kila muhula, mantiki hiyo ilitiwa katika mizani mpya. Mboya hakuisoma hoja hii katika kitabu cha wataalamu. Aliiishi akiwa na umri wa takriban miaka 17.

Bwana Afya Jijini Nairobi

Kuanzia mwaka 1948 hadi 1950 Mboya alipata mafunzo ya bwana afya katika shule ya Jeanes, Kabete. Alipohitimu, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Kazi yake ilihusu usafi wa maeneo ya biashara, maziwa, vyakula na makao ya watu. Alifanya kazi sawa na ya wakaguzi wa Kizungu lakini kwa mshahara wa chini mno kuliko wao. Ubaguzi huo ndio uliomsukuma kuingia katika harakati za wafanyakazi.

Kuna kinaya katika kazi hii ya kwanza. Bwana afya hupambana na kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara na maradhi mengine yanayoua watoto kwanza. Kila kisima kinachosafishwa na kila choo kinachochimbwa huokoa watoto ambao zamani wangezikwa. Watoto hao hukua, huoa na kuolewa, nao huzaa. Kwa hivyo, ongezeko kubwa la watu lililoikabili Kenya katika miaka ya 1960 halikutokana na wanawake kuanza ghafla kuzaa zaidi ya nyanya zao. Sababu kuu ilikuwa kupungua kwa vifo, huku uzazi ukibaki juu kama ulivyokuwa tangu jadi. Mabwana afya, wauguzi, chanjo na dawa za malaria ndio waliobadilisha hesabu. Kijana aliyeanza maisha ya kazi akisaidia kupunguza vifo ndiye aliyekuja kuwa waziri wa kushughulika na matokeo yake.

Jambo la pili alilolishuhudia Nairobi ni makao. Jiji la kikoloni lilijengewa mfanyakazi Mwafrika kana kwamba hana mke wala mtoto. Alipewa nafasi ya kulala, si nyumba. Na mshahara wake ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Mke na watoto walitarajiwa kubaki kijijini na kujilisha kwa jembe. Ripoti ya Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilipendekeza mshahara uanze kukadiriwa kwa mahitaji ya familia. Wakati huo Mboya alikuwa tayari Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, wadhifa alioushika tangu 1953, na suala la mfanyakazi kuweza kuishi na familia yake lilikuwa katika kiini cha madai ya wafanyakazi.

Kutoka Chama cha Wafanyakazi hadi Barazani

Mengi ya miaka iliyofuata yanajulikana, na yatosha kuyataja kwa mukhtasari. Mwaka 1955 Mboya alisuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, na mwaka huohuo akaenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Aliporejea alichaguliwa mwaka 1957 kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nairobi. Mwezi Desemba 1958 aliongoza kikao cha Mkutano wa Watu wa Afrika Yote jijini Accra, akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliowatafutia nafasi Marekani iliondoka ikiwa na vijana 81. Mtu aliyekatiziwa masomo kwa ukosefu wa karo alikuwa sasa akiwatafutia wengine karo ng'ambo ya bahari.

KANU ilipoundwa mwaka 1960, Mboya alikuwa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1962 alimwoa Pamela Odede, binti wa mwanasiasa Walter Odede. Mwaka huohuo akawa Waziri wa Leba katika serikali ya mseto. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba. Na Kenya ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1964, akakabidhiwa wizara ya mipango ya uchumi. Wengine waliiona wizara hiyo kuwa ya karatasi tupu, isiyo na nguvu za polisi wala fedha za hazina. Mboya aliigeuza kuwa mahali pa kufikiria mustakabali wa nchi.

Hesabu ya Waziri

Katika wizara hiyo Mboya alikutana na tarakimu ambazo hazikuwa na huruma. Sensa ya mwaka 1948 ilikuwa imehesabu watu wapatao milioni 5.4. Sensa ya mwaka 1962, iliyofanywa mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilihesabu 8,636,263. Ingawa sensa ya awali huenda haikuwafikia watu wote, ilidhihirika kwamba watu waliongezeka kwa kiwango cha asilimia 3 hivi kwa mwaka.

Masikioni, asilimia 3 ni kitu kidogo. Kwa hesabu ya riba limbikizi, hata hivyo, kitu kinachoongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka huwa maradufu katika muda wa takriban miaka 23. Hii ina maana kwamba serikali iliyoahidi uhuru wa kweli kwa kupambana na umaskini, ujinga na maradhi ingelazimika kuongeza madarasa, vitanda vya hospitali na nafasi za kazi maradufu kabla ya mtoto aliyezaliwa siku ya uhuru kutimiza miaka 25, na baada ya jasho hilo lote hali ya kila mtu ingekuwa ileile ya mwanzo. Maendeleo ya kweli yangehitaji zaidi ya hapo.

Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliotolewa chini ya uongozi wa Mboya, uliligusa jambo hili bila kificho. Ulieleza kwamba ongezeko kubwa la watu huzifanya huduma za jamii kuwa ghali zaidi, hulifanya tatizo la ukosefu wa ajira kuwa gumu zaidi, na huifanya akiba ya maendeleo kuwa adimu. Na kwa sababu hiyo ukaahidi hatua za kuelimisha umma kuhusu upangaji uzazi. Katika waraka ambao wasomi wameujadili kwa miongo mingi kwa upande wa umilikaji mali na mgawanyo wa rasilimali, kipengele hiki hupitwa kwa haraka. Ilhali ndicho kilichofungua mlango.

Mwaka huohuo wa 1965, serikali ya Kenya iliwaalika wataalamu wa taasisi ya Population Council ya New York kuja kuchunguza hali. Wataalamu hao walitoa ripoti iliyolinganisha mustakabali wa nchi kwa njia mbili: njia ya uzazi kubaki kama ulivyokuwa, na njia ya uzazi kupungua. Tofauti ya njia hizo kwa watoto wa kusomeshwa na vijana wa kuajiriwa ilikuwa kubwa mno. Serikali iliyakubali mapendekezo yao, na mwaka 1967 mpango wa kitaifa wa uzazi ukazinduliwa chini ya Wizara ya Afya.

Mapokezi ya Mpango wa 1967

Mpango ulilenga kutoa huduma kwa hiari, bila kumlazimisha yeyote. Kliniki za serikali zilianza kutoa ushauri, vidonge na kitanzi. Kabla ya hapo huduma hizo zilikuwa zikitolewa na chama cha hiari cha upangaji uzazi, kilichokua kutokana na kamati za Nairobi na Mombasa za miaka ya 1950, nacho kiliwafikia watu wachache wa mijini.

Mapokezi hayakuwa mema. Kwanza, taifa lilikuwa na miaka minne tu tangu kujitawala, na mpango ulifadhiliwa kwa fedha za Wazungu. Wananchi wengi waliuliza kwa nini wageni wale wale waliotwaa ardhi yao sasa wangependa wazae kidogo. Pili, ardhi ilionekana kuwa kubwa. Maeneo mapana ya nchi hayakuwa na watu, na waliopinga walisema kwamba taifa changa lahitaji watu zaidi, si pungufu. Tatu, idadi ilikuwa siasa. Katika nchi ambayo kura hufuata makabila, kabila linalopunguza uzazi liliogopa kujipunguzia sauti. Nne, dini ilikuwa na neno lake. Mwezi Julai 1968 Papa Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae uliokataza njia za kisasa za kuzuia mimba. Mboya mwenyewe alikuwa Mkatoliki, na eneo lake la Nyanza lilikuwa ngome ya misheni za Kikatoliki. Kubaki waziri wa serikali yenye mpango kama huo hakukuwa jambo jepesi.

Pingamizi la ndani zaidi lilikuwa la utamaduni. Katika boma la Kijaluo, nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ilikuwa na mahali pake. Ya nyachira, mke wa pili, mahali pake. Ya reru, mke wa tatu, mahali pake. Kila nyumba ilitarajiwa kuwa na wana wa kuirithi na mabinti wa kuileta mifugo. Watoto walipewa majina ya jamaa waliotangulia mbele ya haki ili majina hayo yasipotee. Kumwambia mama wa Rusinga, Karungu au Ndhiwa azae wawili au watatu, naye ameshazika wawili kwa malaria au surua, ilikuwa kumwomba acheze kamari na jina la ukoo. Mwanamke huyo hakuwa mjinga. Alijua hesabu yake vizuri kuliko mtaalamu wa New York: ili wawili wamzike uzeeni, sharti azae wengi.

Kifo na Sensa

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huohuo, lakini maswali kuhusu waliomtuma hayakuzikwa pamoja naye. Mwili wa Mboya ulirejeshwa Rusinga, na kaburi lake huko limejengewa jengo la ukumbusho lenye umbo la risasi.

Mwezi uliofuata, Agosti 1969, makarani wa sensa walizunguka nchi nzima. Ilikuwa sensa ya kwanza ya Kenya huru, na iliwahesabu watu 10,942,705. Waziri aliyezihitaji sana tarakimu hizo hakuwahi kuziona, na katika boma la Ndiege karani hakumwandika yeye.

Uzazi Wapanda, Kisha Washuka

Miaka kumi baada ya mpango kuzinduliwa, ulionekana kuwa umeshindwa kabisa. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977/78 ulionyesha kwamba, kwa wastani, mwanamke Mkenya angezaa watoto 8.1 maishani mwake. Kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kurekodiwa kwa taifa lolote. Ni asilimia 7 tu ya wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Uzazi haukubaki ulivyokuwa, ulipanda. Afya bora ilipunguza utasa na kuharibika kwa mimba, na desturi za kale za kuachanisha watoto, kama vile kunyonyesha kwa muda mrefu na wenzi kutengana baada ya uzazi, zilianza kulegea kabla ya njia za kisasa kuchukua nafasi yake.

Kisha mambo yakageuka. Serikali iliunda Baraza la Kitaifa la Idadi ya Watu na Maendeleo mwaka 1982. Utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha wastani wa watoto 6.7; wa mwaka 1993, watoto 5.4, na wa mwaka 1998, watoto 4.7. Hapo mshuko ulikwama kwa muda, kwani mwaka 2003 wastani ulikuwa 4.9. Ukashuka tena hadi 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Matumizi ya njia za kupanga uzazi miongoni mwa wanawake walioolewa yalikuwa yamefika asilimia 63 mwaka huo wa 2022.

Kilichobadilika si kliniki pekee. Wasichana walisoma zaidi na kuolewa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, hadi likabaki kipande. Watoto wengi zaidi walinusurika. Karo ikawa mzigo wa kila nyumba. Kwa maneno mengine, hesabu iliyomkabili Ndiege pale Kilima Mbogo katika miaka ya 1940 ilikuwa imeenea katika mamilioni ya nyumba.

Homa Bay na Migori

Kusini mwa Nyanza mabadiliko yalikawia. Mwaka 2014, wakati wastani wa taifa ulikuwa 3.9, Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na 5.2 na Migori 5.3. Sababu haikuwa ukaidi. Eneo hili lilizongwa na malaria na lilikuwa na vifo vingi vya watoto. Kisha likaja janga la Ukimwi, ambalo liliwapiga watu wa fuo za ziwa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi. Mahali ambapo mauti yamo mlangoni, wazazi hawana haraka ya kupunguza watoto.

Kuanzia mwaka 1994, watafiti akiwemo Susan Watkins walifuatilia katika vijiji vya kusini mwa Nyanza jinsi wanawake na wanaume walivyozungumza kuhusu uzazi wa mpango. Walibaini kwamba uamuzi haukufanywa kliniki pekee. Ulifanywa pia kisimani, sokoni na njiani, pale mwanamke alipomuuliza jirani au shemeji kama vidonge vilimdhuru, kama mumewe alijua, na kama baadaye aliweza kushika mimba tena. Neno la mtu anayejulikana lilikuwa na uzito ambao bango la serikali halikuwa nao. Hapa pana funzo kwa wanafunzi wa lugha: sera ya mwaka 1967 iliandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, lakini ilikubalika au kukataliwa kwa Dholuo, Kikuria na Kiswahili cha mazungumzo ya kila siku.

Eneo hilohilo lilimtoa pia Ancentus Akuku, mfanyabiashara wa upande wa Ndhiwa aliyefariki mwaka 2010 na ambaye alioa wake zaidi ya 100. Magazeti yalimfanya kuwa nembo ya uzazi wa Kijaluo. Ukweli ni kwamba alipata umaarufu kwa sababu hakuwa kama wengine. Mtu wa kawaida wa Ndhiwa hakuwa na uwezo wa kumwiga, na wana wa kizazi chake waliomfuata waliendelea kuzaa watoto wachache kuliko baba zao.

Mkanganyiko wa Umma

Katika mijadala ya watu, kauli mbili husikika na zote mbili hupotosha. Ya kwanza husema kwamba uzazi wa mpango haukufaulu kwa kuwa Wakenya wanazidi kuongezeka. Ya pili husema kwamba kwa kuwa uzazi unashuka, taifa linakaribia kuisha. Kauli zote mbili huchanganya kiwango cha uzazi na idadi ya watu.

Chukua mfano wa mama aliyezaa watoto 8, wanne kati yao wakiwa wasichana. Wasichana hao wakizaa watoto 4 kila mmoja, yaani nusu ya alivyozaa mama yao, wajukuu hao watakuwa 16. Kiwango kimeshuka kwa nusu, lakini watoto waliozaliwa wamekuwa maradufu. Hilo ndilo lililotokea Kenya. Sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3, ya 1999 milioni 28.7, na ya 2019 watu 47,564,296, ilhali katika muda huohuo wastani wa uzazi ulishuka kwa zaidi ya nusu. Taifa lenye vijana wengi huendelea kukua kwa miongo kadhaa baada ya uzazi kupungua, kama vile mtumbwi uendavyo mbele baada ya kasia kuinuliwa majini. Hata hivyo mwendo umepungua: ongezeko la kati ya 2009 na 2019 lilikuwa asilimia 2.2 kwa mwaka.

Siasa ya idadi nayo haijatoweka. Chini ya katiba ya mwaka 2010, idadi ya watu ni kigezo kikubwa katika kugawa fedha kwa kaunti. Homa Bay ilihesabiwa kuwa na watu 1,131,950 mwaka 2019, na Migori 1,116,436. Kila kichwa kina bei yake katika bajeti. Hivyo kiongozi wa kaunti anaweza kutamani watu wengi kwenye jedwali la mgao na watoto wachache kwenye mlango wa shule, naye asione kinyume chochote.

Hitimisho

Mboya hakuishi kuona uzazi ukipanda hadi 8.1, wala kuuona ukishuka hadi 3.4. Lau angehukumiwa kwa matokeo ya miaka kumi ya kwanza, angeonekana mtu aliyeshindwa. Lau angehukumiwa kwa miaka hamsini, angeonekana nabii. Hukumu zote mbili zingempa sifa au lawama isiyo yake peke yake, kwa maana waliobadilisha uzazi wa Kenya ni wanawake na wanaume waliozipima nyumba zao wenyewe: ukubwa wa shamba, karo ya muhula, idadi ya makaburi nyuma ya boma.

Sifa inayomstahili ni nyingine. Katika wakati ambapo wengi waliona wingi wa watu kuwa nguvu pekee, yeye na wizara yake waliuliza kila mtu huyo atasoma wapi, atafanya kazi gani na atalala wapi. Swali hilo lilianzia kwa kijana aliyetoka shuleni ili wadogo zake waingie. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, wajibu uliosalia ni wa lugha: kuieleza hesabu ya idadi ya watu kwa maneno ambayo mama wa Karungu na mvuvi wa Rusinga watayaelewa, watayapinga wakitaka, na watayatumia kuamua wenyewe. Kasoro kubwa ya mpango wa mwaka 1967 haikuwa katika tarakimu zake. Ilikuwa katika kufika kwa watu kabla ya maelezo yake kufika.